Inawaka, Inazima

Jumanne, 28 Januari 2025

Zamu yetu ya maji imepita bure. Tulifika mtoni saa kumi na mbili kasorobo, mimi na kijana wa kaka yangu, tukatandaza mpira wa kunyonya, tukaijaza pampu maji ya kuanzia, nikavuta kamba. Injini ikawaka mvuto wa tatu. Nikarudisha choki polepole kama siku zote. Ikahema mara mbili, ikazima. Nikavuta choki, ikawaka. Nikairudisha, ikazima. Hivyo hivyo hadi saa tatu, jirani wa ng'ambo akawasha yake kwa kuwa zamu imeingia kwake, nasi tukakunja mipira.

Chama cha watumiaji maji kimetupa Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Siwezi kuomba zaidi. Mto umeshuka hadi mawe ya katikati yako wazi, na walio chini yetu kuelekea Laikipia wanautegemea huo huo. Lakini vitunguu havijui zamu. Nilivipandikiza wiki ya kwanza ya Desemba, mistari 40, na sasa ndipo vinaanza kutunga vichwa. Kitunguu kikikosa maji wakati huu hukomaa kingali kidogo kama ndimu, na soko la Karatina halina huruma na kitunguu kidogo.

Bega la kulia halinyanyuki.

Jumatano, 29 Januari

Nimeitazama injini mchana, kwa utulivu, nje ya ghala. Ni nakala ya Honda GX160, ile ya cc 163. Ukoo wa GX ulianza 1983, na leo umeigwa hadi ukiingia duka lolote la zana za kilimo Nyeri au Nanyuki utakuta injini za umbo hili zimepangwa mlangoni. Nashukuru kwa hilo, maana spea zake hazikosekani na kila fundi amewahi kuifungua.

Nimefikiri juu ya choki. Choki huziba hewa. Injini ambayo haiishi mpaka choki ivutwe inasema kwamba petroli inayoipata ni kidogo mno, ndiyo maana inataka hewa nayo ipunguzwe. Na huku kwetu neno hilo lina uzito zaidi. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta hizi hupimwa kwa nchi za chini. Kwa kawaida injini huku hulishwa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: plagi hutoka nyeusi kwa masizi, na nguvu hushuka. Kitabu cha Honda kinasema nguvu hupungua karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Nikihesabu, tumepoteza zaidi ya asilimia 20 kabla hata ya kushika kamba. Basi injini ya Naro Moru ikilia njaa ya petroli, kuna mahali pameziba. Nimefungua plagi. Ni kavu, tena nyeupe-nyeupe.

Petroli iliyokuwa tangini nimeimimina kwenye chupa ya kioo nikaiweka juani. Sikuona maji chini yake, lakini inanuka kama rangi ya mlango. Imelala humo tangu mvua za vuli zilipoanza Oktoba. Kosa ni langu. Nilifunga pampu ghalani nikashukuru mvua, nikasahau kwamba petroli nayo huoza.

Nimeweka nyingine, nusu tangi. Haikubadilisha kitu. Uchafu umeshaingia ndani, na kabureta sijawahi kuifungua.

Alhamisi, 30 Januari

Pampu imekwenda kwa fundi Naro Moru mjini na kurudi, yote kwa boda. Niliifuata kwa pikipiki ya pili ili nione kwa macho yangu.

Fundi ni kijana mtulivu, mikono safi kuliko nilivyotarajia. Alifunga bomba la petroli, akafungua kikombe cha kabureta kwa spana namba 10, akanionyesha: utando wa njano chini, kama asali iliyokauka. Kisha akatoa jeti, kijiti cha shaba kifupi kuliko kucha ya kidole gumba, akakiinua kuelekea jua. Hakuna mwanga uliopita. Tundu lake halifiki milimita moja, na hilo ndilo linaloamua mistari 40 ya vitunguu.

Hakutumia waya wa breki ya baiskeli kama nilivyoona wengine wakifanya. Alichuna waya wa umeme akatoa uzi mmoja wa shaba nyekundu, kwa kuwa chuma hupanua tundu na jeti iliyopanuka hairudi. Akaupitisha, akaosha kwa petroli, akapuliza, akainua tena. Safari hii nikaona nukta ya jua. Kichujio cha hewa pia kilikuwa na vumbi la barabara yetu. Kikaoshwa kwa sabuni kikakaushwa. Injini ikawaka mvuto wa kwanza, choki ikarudi, ikanguruma robo saa nzima pale barazani kwake. Nimelipa shilingi 500 kwa moyo mweupe.

Mwenye boda alilalamika kwamba wakati wa kwenda petroli ilimwagikia suruali kwenye matuta. Wakati wa kurudi haikutoka hata tone. Ni kijana mwangalifu.

Ijumaa, 31 Januari

Sielewi.

Nilijaza tangi hadi shingoni kwa mwanga wa tochi, tukawasha saa kumi na mbili kamili. Maji yakapanda, yakafika mstari wa kwanza, nikasikia harufu ya udongo uliolowa na moyo wangu ukatulia. Dakika chache tu. Kisha sauti ikaanza kupanda na kushuka, kama mtu anayekimbia mlima akikosa pumzi, ikazima. Nikavuta kamba mara kumi, kimya. Tukakaa. Baada ya kama robo saa ikawaka yenyewe kwa mvuto mmoja, ikaenda dakika mbili, ikazima. Asubuhi yote hivyo. Nikiongeza petroli inawaka mara moja, kwa sababu, nadhani, imepumzika.

Mistari sita kati ya 40.

Hii si hali ya Jumanne. Jumanne haikukubali bila choki hata kidogo. Leo inafanya kazi vizuri kabisa, kisha inakufa. Nimeyaandika haya usiku huu kwa sababu naogopa kesho nitayachanganya, nianze kutibu ugonjwa uliokwisha pona.

Jumamosi, 1 Februari

Leo kila aliyepita ametoa hukumu yake.

Guka, mzee wa boma la juu, aliyeendesha Lister ya kinu cha posho miaka mingi, amesema ni koili. Koili ikipata joto waya wake wa ndani hukatika, ikipoa hushikana tena. Ameyaona mara nyingi. Nimemsikiliza kwa heshima, kwa maana maneno yake yanalingana na nilichokiona: injini inazima ikiwa moto, inakubali ikipoa.

Dukani, kwa simu, wameniambia ninunue kabureta mpya, shilingi 2,500, niache kuhangaika. Nikauliza wanajuaje ni kabureta. Wakasema ni bei nafuu kuliko kutafuta.

Fundi naye, kwa simu, anashuku petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Tatizo hilo lilikuwa kubwa nchini hata 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya kuchanganya iondoke. Amenifundisha kipimo: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka bila kuacha alama. Yenye mafuta ya taa huacha doa. Nimedondosha. Karatasi imekauka nyeupe, nami nimeibandika hapa ukurasani.

Kijana, anayeniita Tata, yaani shangazi, anataka tununue koili na kabureta vyote viwili. "Tata, tukibadilisha vyote, moja litakuwa ndilo." Nimemwambia hapana. Fedha ni sababu mojawapo. Sababu kubwa ni kwamba tukibadilisha vyote ikapona, hatutajua ilikuwa nini, na Januari ijayo tutakuwa hapa hapa. Kwa miaka 22 nilifundisha sayansi watoto wa darasa la saba, na hili ndilo nililowapigia kelele kuliko lolote: badilisha kitu kimoja, viache vingine kama vilivyo, uandike.

Jumapili, 2 Februari

Kanisani. Mlima ulikuwa wazi hadi kileleni, hakuna wingu hata moja, na mahubiri yakaishia kwenye kuomba mvua. Majani ya vitunguu yameanza kuinama ncha.

Jumatatu, 3 Februari

Siku ndefu, lakini nimejua mengi.

Tumeiweka pampu uani juu ya ubao uliosawazishwa, mpira wa kunyonya ndani ya pipa la maji na mpira wa kutolea ukirudi pipani humo humo, maana pampu haiwashwi kavu; sili yake ya ndani huungua kwa muda mfupi. Saa ya mkononi ikawa kwa kijana, daftari kwangu.

Kwanza oili. Injini za namna hii zina swichi ndogo tumboni: oili ikipungua, swichi inakata moto ili injini isijiue. Pale mtoni pampu inakaa kwenye mteremko, na haiwezi kukaa kwingine. Pampu haivuti maji kutoka kina chochote unachotaka. Hewa ndiyo inayoyasukuma maji kuingia mpirani. Pwani, hata kwa pampu kamilifu, hayangepanda zaidi ya mita 10, na huku juu kwenye hewa nyepesi hata mita 10 haziwezekani, kwa hiyo inabidi ishuke karibu na maji. Nilidhani basi mteremko unadanganya swichi. Lakini leo ilikuwa juu ya ubao, oili imefika kwenye ukingo wa tundu, na bado ilizima. Oili imetoka kwenye mashaka.

Mara ya kwanza, tangi likiwa nusu: dakika 11.

Ilipozima tu, kabla haijapoa, nikachomoa plagi kwa kitambaa, nikaivika kofia yake, nikaigusisha kwenye chuma cha injini mbali na petroli, kijana akavuta kamba. Cheche ya buluu, kali, inayosikika. Tukarudia mara tatu. Koili inayokufa kwa joto haitoi cheche kama ile. Nilimwita Guka aone mwenyewe. Akainama, akatazama, akasema, "Basi si koili," akaketi nasi hadi jioni.

Tena plagi ilikuwa kavu. Yaani moto upo, petroli haifiki. Nikafungua skrubu ya kumwagia chini ya kabureta: ikatoka petroli kidogo, kisha matone, kisha basi. Kikombe kilikuwa kitupu na tangi juu yake lina lita nzima na zaidi. Nikashuku mtikisiko wa boda umeamsha uchafu ukaziba mdomo wa tangi. Tukamwaga tangi lote, tukaosha kichujio kilichomo. Kilikuwa safi.

Tukarudisha petroli kidogo tu, robo, tukawasha. Dakika 19.

Tukajaza hadi juu. Dakika 4.

Kijana ndiye aliyeona, mimi nilikuwa napiga mstari tu. "Tata, petroli ikiwa nyingi inaenda muda mfupi." Tukarudia robo: 18. Tukarudia kujaza: dakika 4 na sekunde kadhaa. Guka akatikisa kichwa. Injini iliyoshiba inakufa haraka kuliko yenye njaa. Katika maisha yangu yote na mashine sijasikia hivyo.

Usiku, saa nne. Nimeamka kuandika hili kabla halijanitoka. Baada ya chakula mama alikwenda kunawa kwenye ule mtungi wa bomba tulionunua 2020 wakati wa korona. Maji yakatoka, yakapungua, yakakatika, na mtungi umejaa. Akaniita bila kugeuka: "Legeza kifuniko." Nikalegeza. Maji yakaja.

Mtungi uliojaa una hewa kidogo juu. Maji yakitoka na hewa isiingie, ile hewa kidogo hunyooshwa haraka na kuyashika maji yasishuke. Mtungi ukiwa robo, hewa ni nyingi, hunyooka taratibu zaidi. Dakika 4, dakika 11, dakika 19. Na nilipoongeza petroli mtoni, injini haikukubali kwa sababu imepumzika, bali kwa sababu nilifungua kifuniko.

Sijalala vizuri. Natamani kuche.

Jumanne, 4 Februari

Mtoni, zamu yetu. Sikugusa kitu usiku. Nilitaka kuona inavyokufa ndipo niiamini hesabu. Tangi limejaa. Dakika ya nne ikaanza kupanda na kushuka ile sauti ya kukosa pumzi. Nikazungusha kifuniko nusu mzunguko. Hewa ikaingia kwa mlio mwembamba, ssss, kama chupa ya soda lakini kuelekea ndani, na injini ikajiinua, ikanguruma sawasawa. Kijana akapiga yowe hadi jirani wa ng'ambo akasimama kutazama.

Sikuiacha iendelee hivyo. Kifuniko kilicholegea juu ya mteremko humwaga petroli kwenye bomba la moshi, na nimeona jenereta iliyoteketea kwa namna hiyo. Niliizima, nikakigeuza kifuniko kwenye mwanga wa asubuhi. Chini yake kulikuwa na duara la mpira mweusi, limekatwa vizuri kwa kisu, limelazwa bapa juu ya gasketi yake ya asili, na tundu la pumzi la kifuniko liko nyuma yake, limezibwa kabisa. Ni kipande cha tyubu ya pikipiki. Nimejaza tangi hili mara sijui ngapi tangu Ijumaa, nikiliona duara hilo kwa tochi na kulidhania gasketi.

Nimelibandua, nikapitisha pini kwenye tundu, nikafunga. Tulikuwa tumebakiwa na saa mbili na dakika ishirini. Haikuzima. Mistari 22. Mingine tulimalizia kwa ndoo hadi adhuhuri, kutoka kwenye pipa la uani, na mama akabeba yake ingawa nilimkataza.

Jumatano, 5 Februari

Nimezungumza na mwenye boda. Sikumlaumu, na sitaki aliyesoma daftari hili siku moja amlaumu. Alhamisi ile, wakati fundi anaandika risiti, alikata kipande cha tyubu kuukuu akakitia chini ya kifuniko ili petroli isimwagike njiani, wala isimchome mapajani tena. Alifanya kwa nia ya kulinda mali yangu, hakuomba malipo, na hakulitaja kwa kuwa hakuliona kuwa jambo la kutajwa. Fundi alikuwa ameshaipima injini kabla ya hapo, ndiyo maana kwake ilikwenda robo saa bila neno.

Nilimwonyesha tundu. Nikampulizia hewa kwenye kifuniko asikie inavyopita, kisha nikaweka kile kipande cha mpira apulize mwenyewe. Tumekubaliana kwamba pampu itakayobebwa kwa pikipiki imwagwe petroli kwanza, itiwe kwenye mtungi, bomba lifungwe, na kifuniko kiachwe kama kilivyotoka kiwandani.

Alinyamaza kidogo, akiwa ameshika ule mpira. Kisha akasema, "Mama, nimewawekea wengine watatu tangu Krismasi."

Ameondoka hapo hapo, kabla ya chai.

Ijumaa, 7 Februari

Tumewasha saa kumi na mbili na dakika tano, tumezima wenyewe saa tatu kasoro dakika tano. Dakika 170, tukajaza petroli mara mbili. Mistari 40 yote. Majani yamesimama.

Tangi nimelimwaga nilipofika nyumbani, kisha, mpira wa kunyonya ukiwa pipani, nikaiwasha injini hadi ikanywa kilichobaki kwenye kabureta. Nitafanya hivyo kila pampu itakapokaa zaidi ya mwezi bila kazi.

Mwenye boda amepita jioni. Wawili kati ya wale watatu amewaondolea mpira, na pampu zao zinafanya kazi; mmoja alikuwa ameshanunua kabureta mpya. Wa tatu aliiuza yake Jumatatu kama mbovu, kwa bei ya chuma chakavu. Aliyeinunua yuko Kiganjo. Nimempa nauli ya mafuta, kesho asubuhi anakwenda kumtafuta.